Bei Haina Miguu

Wako wataalamu wasemao kwamba bei ya chakula hupanda kama maji ya pwani yapandavyo wakati wa bamvua, na ya kuwa kumtafuta mtu aliyeipandisha ni kazi bure, sawasawa na kumtafuta mtu aliyeyaleta maji. Fikira hii imekaa sana katika vyumba vya kufundishia, katika taarifa za habari, na katika vinywa vya watu wenye elimu, hata imekuwa kama adabu: mstaarabu husema "bei zimepanda", kisha akanyamaza. Haulizi zimepandishwa na nani. Anayeuliza huonekana hajasoma, au huonekana mchochezi. Insha hii yakusudia kuonyesha kwamba muulizaji huyo ndiye mwenye akili, na kwamba lugha ya wenye elimu juu ya jambo hili, hasa katika Kenya tangu mwaka 2017 mpaka mwaka 2024, imekuwa pazia mbele ya sahani.

Kiswahili hakina upungufu wa vitenzi hapa. Kinalo neno kupanda, ambalo halimtaki mtu. Bei imepanda, kama jua lipandavyo. Kinalo kupandishwa, ambalo lakiri kwamba yuko mtenda lakini halimtaji. Kinalo kupandisha, ambalo halikubali kusimama bila ya mtu: fulani amepandisha. Na juu ya hayo yote liko neno la sokoni, lisilofundishwa sana madarasani ijapokuwa ni zuri kuliko yote: "wametupandishia". Katika neno hili moja mna watenda, mna kitendo, na mna wale ambao kitendo kimewaangukia. Mama auzaye mboga Marikiti ya Nairobi au Kongowea ya Mombasa hulitamka kila siku pasipo kujua kwamba ametunga sentensi iliyo kamili kuliko ile ya msomaji wa habari za jioni. Kwamba hawezi kuwataja hao "wa-" kwa vyeo vyao si kosa la sarufi yake. Ni kazi aliyowaachia waliosoma, nao hawakuifanya.

Wala isidhaniwe kwamba kila bei ina mtu nyuma yake. Mvua zilikosekana misimu 5 mfululizo kaskazini na mashariki ya Kenya tangu mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022, na hapana waziri aliyezizuia. Urusi ilipoishambulia Ukraine Februari 2022, ngano na mbolea zilipata bei mpya dunia nzima, na Kenya, inunuayo ngano yake nyingi ng'ambo, haikuweza kusalimika. Indonesia ilipokataza mafuta yake ya mawese yasiuzwe nje, tarehe 28 Aprili mpaka 23 Mei 2022, karai za maandazi za Afrika Mashariki zilipata habari upesi. Hayo yajulikana, na yamesemwa sana. Pengine yamesemwa mno. Vita vya Ukraine vimekuwa kapu ambalo kila mtu hutupia taka za nyumba yake.

Maana unga wa mahindi, ambao kwa Mkenya ni chakula kama wali ulivyo chakula kwa Mzanzibari, ulikwisha kuwa taabu kabla ya vita hivyo. Mwaka 2011 watu waliandamana Nairobi kwa ajili ya bei ya unga, na mwaka huo huo ilitiwa sahihi sheria impayo waziri wa fedha uwezo wa kutangaza bei ya juu kabisa ya bidhaa za lazima. Mwaka 2017, pakiti ya kilo 2 ilipokuwa imefika kama shilingi 150, Serikali iliagiza mahindi, meli yenye mahindi ya Mexico ikatia nanga Mombasa mwezi Mei, na pakiti ile ikatangazwa kuwa shilingi 90. Uchaguzi mkuu ulikuwa tarehe 8 Agosti mwaka ule. Tarehe 20 Julai 2022 yakarudi yale yale: pakiti iliyokuwa shilingi 205 ilitangazwa kuwa shilingi 100. Uchaguzi mkuu ulikuwa tarehe 9 Agosti.

Siku 20! Msomaji na atue hapo kidogo, maana katika siku hizo 20 nadharia ya bamvua yazama. Kama bei haina mwenyewe, ni nani aliyeikata zaidi ya nusu kwa tangazo la asubuhi moja? Mpaka tarehe 19 Julai wananchi waliambiwa kwamba unga ni jambo la dunia, la mvua na vita. Tarehe 20 uligeuka kuwa jambo la Ikulu. Mvua haikunyesha usiku ule, wala vita havikukoma. Kilichobadilika ni kwamba wenye uwezo waliutaka uwezo wao uonekane. Bei ikipanda haina mtu, bei ikishuka ina mtu, tena ina picha yake na sauti yake redioni. Huu ni utaratibu wa sarufi usiopatikana katika kitabu chochote cha sarufi ya Kiswahili, lakini magazeti yaufuata kwa uaminifu mkubwa.

Mwanauchumi atajibu, na jibu lake lina haki ya kusikilizwa, kwamba bei haikushuka hata kidogo siku ile. Aliyelipa ndiye aliyebadilika. Pengo kati ya 205 na 100 lilijazwa kwa fedha ya hazina, yaani kwa kodi ya yule yule mnunuzi. Ni kweli. Na Rais William Ruto, katika hotuba ya kuapishwa kwake tarehe 13 Septemba 2022, alisema kwamba ruzuku ya chakula imekula shilingi bilioni 7 kwa mwezi mmoja pasipo faida. Wengi nao walikwisha kulalamika kwamba unga wa shilingi 100 waliusikia tu, madukani hawakuuona. Walakini jibu hilo lamdhuru mwenye kulitoa. Maana kama bilioni 7 zilitoka na unga haukuonekana, basi zilikwenda mahali, na mahali ni pa watu, na watu wana majina na stakabadhi. Kusema "ruzuku ilishindwa" ni kurudi kwenye mchezo ule ule wa kitenzi kisichotaka mtu. Ruzuku haishindwi, haina misuli. Hushindwa walioipanga, au hushinda waliopokea.

Sasa na iachwe meza ya mnunuzi, ifuatwe njia ya gunia kutoka shambani, maana huko ndiko lilikofichwa jambo ambalo hata marafiki wa mnunuzi hawalitaki kulitazama. Hudhaniwa kwamba unga ukiwa ghali mkulima hufurahi, na kwa hiyo kila kelele ya mjini ni hasara kwa shamba. Wanasiasa wameufanya ugomvi huu kuwa wa mila: Trans Nzoia na Uasin Gishu upande mmoja, Nairobi na Mombasa upande wa pili. Lakini mkulima mdogo wa mahindi si muuzaji tu. Huvuna mwisho wa mwaka, kati ya Oktoba na Desemba, wakati ambapo kila jirani yake amevuna. Mahindi yake yana maji. Ghala halitayapokea mpaka unyevu wake ushuke kufika 13.5 kwa mia, na mvua za mwisho wa mwaka hazimpi jua la kuyaanika. Januari yaja na karo za shule. Kwa hiyo huuza, tena huuza upesi, kwa mtu mwenye lori, fedha mkononi, na mizani yake mwenyewe. Hata ufikapo Mei au Juni ghala lake ni tupu, naye hushika kikapu akaenda kununua unga kama mtu wa mjini, pengine unga wa mahindi yale yale aliyoyapalilia. Ameuza kwa bei ya mavuno, amenunua kwa bei ya njaa. Tofauti ya bei hizo mbili si mvua wala Ukraine. Ni malipo apewayo mwenye pa kukaushia na pa kuwekea, na mkulima huyatoa kwa kuwa hana mahali hapo.

Basi ni nani aliyeamua kwamba hatakuwa nako? Vikaushio vya Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao ni vitu vijengwavyo kwa bajeti, na bajeti huandikwa na kupigiwa kura. Kila mwaka ambao hapakujengwa kikaushio karibu na mkulima palikuwa na mkutano ambamo neno hilo halikutajwa, au lilitajwa likaahirishwa. Mkutano huo una tarehe na una wajumbe. Si lazima wajumbe hao wawe waovu. Yumkini walikuwa na mambo mengine ya haja. Lakini walikuwako, na bei ya Juni ni mtoto wao.

Kuna jambo la gunia pia. Wanunuzi wa viazi na mahindi wa nchi hizi wana mtindo wa gunia lililoshonewa kilemba, ambalo kwa Kiswahili cha soko laitwa lumbesa. Mkulima hulipwa gunia moja, na lililobebwa ni gunia na kichwa chake. Kanuni za viazi za 2019 nchini Kenya ziliagiza gunia lisizidi kilo 50. Ni jambo la kusikitisha kwamba neno "lumbesa" halipatikani kwa urahisi katika maandishi ya wanazuoni wa lugha, hali kila mkulima alijua. Watu wa kamusi wamehangaika na majina ya sayari na madini, nayo ni kazi njema. Lakini chombo kimwibiacho mkulima kila msimu hakikuonekana kuwa na hadhi ya kuchunguzwa.

Kutoka shambani gunia hupanda lori, na lori hunywa dizeli. Sheria ya Fedha ya 2023 iliitoa kodi ya ongezeko la thamani ya mafuta ya petroli na dizeli kutoka 8 kwa mia ikaifikisha 16 kwa mia, tangu Julai mwaka ule. Na kufika Septemba lita moja ya petroli ilikuwa imepita shilingi 200 mjini Nairobi. Hapa hapahitaji upelelezi. Trekta lililolima, lori lililobeba, mashine iliyosaga, na pikipiki iliyopeleka pakiti dukani, zote zilipitia katika kura ya wabunge, na kura ya wabunge huandikwa. Hata hivyo taarifa za habari za mwezi ule zilisema kwamba "gharama ya maisha imepanda". Gharama hiyo ilipanda kwa ngazi, ngazi ilisimikwa kwa mikono, na mikono iliinuliwa hadharani mbele ya kamera.

Au itazamwe mipaka. Tarehe 5 Machi 2021 idara moja ya Serikali ya Kenya ilikataza kwa barua mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na baada ya siku chache katazo likaondolewa, likawekewa masharti ya vyeti. Sumukuvu si mzaha: mwaka 2004 iliua watu 125 katika wilaya za mashariki ya Kenya, na nchi isiyopima nafaka yake haina serikali. Lakini barua ni barua. Iliandikwa, ikatumwa, na malori yakasimama Namanga kwa sababu yake. Mtu akiwa tayari kusema kwamba barua ile ilikuwa haki, na awe tayari pia kusema kwamba ilikuwa na bei, na nani aliilipa.

Lakini pazia zito kuliko yote ni lile la hesabu. Mfumuko wa bei wa Kenya ulikuwa 9.6 kwa mia Oktoba 2022. Oktoba 2023 ulikuwa 6.9. Oktoba 2024 ukawa 2.7. Tarakimu hizi ni za Shirika la Taifa la Takwimu, na hapana sababu ya kuzitilia shaka. Zilipotangazwa kwa Kiswahili, habari ilikuwa ya furaha: mfumuko umeshuka. Na katika nyumba nyingi msikilizaji alielewa kwamba bei zimeshuka, akatoka kwenda dukani, akarudi akiwa amechanganyikiwa, au akiwa na hakika kwamba redio yasema uongo. Redio haikusema uongo. Ilisema kweli katika lugha ambayo kweli hiyo haikuonekana.

Na ichukuliwe kapu moja la bidhaa lililogharimu shilingi 100 Oktoba 2021. Kwa tarakimu hizo hizo kapu hilo lilikuwa shilingi 109 na senti 60 Oktoba 2022; likawa 117 na senti kama 16 mwaka uliofuata; na Oktoba 2024, katika mwezi ule wa furaha, lilikuwa limepita shilingi 120. Kilichopungua ni mwendo tu, mzigo haukupungua. Mtu aliyepakiwa magunia 3 mgongoni, akapakiwa la nne, kisha akaongezewa nusu gunia, hawezi kupongezwa kwa kuwa nyongeza imekuwa ndogo. Naye msomi ajuaye hesabu hii, akamsikia mama wa sokoni akinung'unika mwaka 2024, akatabasamu na kusema "wananchi hawaelewi uchumi", huyo amefanya ubaya wa namna mbili: amejua kweli akaificha, kisha amemcheka aliyeihisi. Aelewaye ni mama. Yeye hujua thamani ya kapu. Msomi hujua kasi ya kupanda kwake tu.

Neno "mfumuko" lenyewe halina hatia, ijapokuwa lafaa kutazamwa. Nguo hufumuka pale ilipotatuka mshono, na mwenye nguo akiona mshono umeachia huuliza: je, fundi alishona vibaya, au iko mikono iliyovuta? Wachumi waliliazima neno, wakauacha ule ulizo nyuma.

Tena kapu hilo la wastani si kapu la mtu ye yote. Katika hesabu ya Kenya chakula na vinywaji visivyo vileo vimepewa uzito wa karibu 33 katika kila 100; kinachobaki kimegawiwa nyumba, nauli, simu, shule, mavazi na mengineyo. Mwenye mshahara mnono hujiona humo, na pengine huona chakula kimezidishwa. Lakini maskini wa mjini, ambaye zaidi ya nusu ya fedha yake huishia kwenye sufuria, hayumo. Unga ukipanda na simu zikashuka, wastani hutulia, naye hulala na njaa katika nchi ambayo mfumuko wake umedhibitiwa. Simu haisongwi ugali.

Na hapa pafaa kukaa zaidi, kwa kuwa wenye elimu hupapita mbio. Bei zitangazwazo ni za pakiti ya kilo 2, za lita, za kilo. Maskini hanunui hivyo. Hununua kwa kipimo cha siku, ambacho Kenya hukiita kadogo, na wazee wa pwani wangekijua kwa kibaba, ambacho vinne vyake hutimiza pishi moja. Kibaba cha zamani kilikuwa kipimo halali kijulikanacho na wote. Kadogo ni umaskini uliowekewa bei. Na ichukuliwe mfano: lita ya mafuta ya kupikia ni shilingi 300 katika duka kubwa. Mama wa Mukuru hana 300. Hununua ya shilingi 20, akapimiwa mililita 50. Kwa mwendo huo lita yake moja ni shilingi 400. Maskini, kwa kuwa ni maskini, hulipa theluthi zaidi kuliko mwenye gari aliyejaza kikapu; na tofauti hiyo haimo katika taarifa ya mfumuko ya mwezi wo wote. Muuza duka naye asilaumiwe upesi, maana naye hununua kidogo kidogo, hukopesha, hupoteza, na hulipa kodi ya kibanda.

Mahindi makavu hupimwa kwa gorogoro, kopo la mafuta ya kupikia la kilo 2 lililogeuzwa pishi. Bei ya gorogoro yaweza kukaa vile vile mwezi mzima huku kitako cha kopo kimegongwa kikaingia ndani, na nafaka ikapungua kwa kina cha kidole. Andazi la shilingi 10 laweza kubaki la shilingi 10 miaka mitatu. Ameliangalia nani? Limekuwa jepesi, limekuwa na hewa nyingi, lashikika kwa vidole viwili palipohitaji kiganja. Hapo mtaalamu aweza kuapa kwamba bei haikupanda, na asipatikane na kosa la kiapo. Bei haikupanda, andazi ndilo lililoshuka. Mtoto aliyekwenda shule kwa andazi moja mwaka 2019 na aliyekwenda kwa andazi moja mwaka 2023 hawakula chakula kimoja, na tarakimu ya bei haitawatofautisha.

Yako mapingamizi mawili yafaayo kujibiwa. La kwanza ni kwamba bei hushuka pia, na ya kuwa hoja hii yasahau hivyo. Haisahau. Mavuno yalipokuwa mema, na mbolea ilipouzwa kwa ruzuku, kwanza shilingi 3,500 gunia la kilo 50 mwaka 2022, kisha 2,500 mwaka 2023, unga ulishuka, na watu walishukuru. Lakini hata humo mna mtu: mbolea ilishushwa. Na ilipofichuka mwaka 2024 kwamba baadhi ya wakulima waliuziwa kitu kisichokuwa mbolea ndani ya magunia ya mbolea ya ruzuku, hapana aliyethubutu kusema kwamba mbolea "imejichakachua". Kumbe watu waweza kuuliza nani, wakitaka.

La pili ni zito zaidi. Husemwa kwamba kutafuta watenda ni kuchokoza fujo. Kwamba umati ukiambiwa "wametupandishia" hautakwenda kwenye kumbukumbu za Bunge, utakwenda kwenye duka la jirani. Mfano hutolewa wa Tanzania mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoanzisha vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Sheria maalumu ilitungwa, watu wengi walikamatwa, bidhaa zikafukiwa na kutupwa kwa hofu, na madukani hapakujaa. Mfano huo ni wa kweli nao watisha. Lakini wafundisha kinyume cha wanavyodhani. Neno "mlanguzi" lilikuwa pana mno. Lilimkamata mwenye maboksi 2 ya sabuni pamoja na mwenye ghala. Uovu ulitoka katika kutaja ovyo. Na maadamu wenye elimu wakataa kutaja kwa usahihi, wanauacha uwanja wote kwa wanaotaja ovyo. "Wa-" wa mama wa sokoni hautakaa mtupu daima. Usipojazwa kwa kura, barua na mizani, utajazwa kwa kabila la muuza duka.

Ndiyo maana lawama ya insha hii haimwendei waziri kwanza, bali yaanguka karibu zaidi. Taarifa za habari za Kiswahili huandikwa na watu waliofuzu katika idara za Kiswahili. Tangazo la Shirika la Takwimu hutafsiriwa nao. Miswada ya fedha ya Kenya hutolewa kwa Kiingereza, ijapokuwa Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Na katika vyuo ambamo tasnifu juu ya vina na mizani huhesabiwa kwa makumi, wachache wamekaa chini wakaufasiri mswada mmoja wa fedha, kifungu kwa kifungu, kwa lugha ambayo mnunuzi wa kadogo angeielewa. Ushairi hautadhurika kazi hiyo ikifanywa. Washairi wa pwani walitunga juu ya kodi, njaa na bei pasipo kuomba radhi, na hawakufikiri kwamba mtama ni neno duni.

Kazi hiyo ilipofanywa, haikufanywa na wanachuo wa lugha. Mswada wa Fedha wa 2024 ulikusudia kuutoza mkate wa kawaida kodi ya ongezeko la thamani ya 16 kwa mia, na mafuta ya mboga ushuru wa 25 kwa mia. Vijana waliusoma Kiingereza chake, wakaueleza katika simu zao kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za nyumbani. Hawakusema kwamba bei ya mkate itapanda. Walisema ni nani anataka kuipandisha, kwa kifungu gani, na mbunge wa kila eneo atapiga kura gani. Kodi ya mkate iliondolewa katika mswada tarehe 18 Juni. Tarehe 25 mswada ulipitishwa, na watu waliokuwa wakiandamana walipigwa risasi Nairobi, baadhi yao karibu na Bunge lenyewe, wakafa. Tarehe 26 Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi.

Jioni za wiki ile taarifa za habari zilijua kutumia majina. Miezi minne baadaye, mfumuko ulipotangazwa kuwa 2.7 kwa mia, zilirudia maneno ya zamani, na mkate ukawa tena kitu kipandacho chenyewe.